Disiki za Gari la Mkate

Usukani wa gari la mkate ulikuwa umeanza tena kutetemeka, na Cyrille alilijua hilo kabla Firmin hajafungua mdomo. Aliliona gari likiingia langoni, safi, maji bado yakidondoka chini ya bampa, akauona na uso wa dereva. Uso ule ulitosha. Cyrille alitupa spana kwenye ndoo ya vifaa akatukana, si Firmin wala gari, bali dunia nzima kwa jumla.

Kwenye karatasi za serikali aliitwa Sitwayen Kitenge, yaani Raia Kitenge, kama Zaire ilivyotaka ilipokataza majina ya Kizungu, lakini mtaani jina la ubatizo halikumtoka. Papa Cyrille alikuwa amejifunza kazi katika karakana ya reli, na huko alichukua mambo mawili: mkono usio na papara, na chuki ya uchafu. Gereji yake ilifagiliwa kuliko nyumba za watu wengi. Langoni alipigilia kipande cha bati alichokiandika mwenyewe kwa rangi nyekundu: GARI CHAFU HALIINGII. Wala hakuwa anatania. Firmin aliwahi kurudishwa pale na tope lote la barabara ya Bendera, akapewa hotuba ndefu mbele ya wapita njia, mpaka wauza mihogo wakatua mizigo yao wasikilize. Tangu siku hiyo gari la mkate lilifika kwa Cyrille likiwa limeoshwa.

Gari lenyewe lilikuwa la Mama Philomène, mjane mwenye tanuri la mkate karibu na stesheni. Lilipanda milima kupeleka mkate kwa wafanyakazi wa umeme kule Bendera, likashuka tupu, na kila mara baada ya safari kadhaa Firmin alilipitisha gereji moja kwa moja, kwa kuwa Mama Philomène hakutaka lilale bure. Kalemie nzima ililijua. Watu walisema, kama Cyrille ndiye anayetengeneza gari la mkate, basi na langu nimpelekee. Jina lake lote kama fundi lilikuwa limepanda kwenye gari lile, na sasa lilikuwa linatetemeka nalo.

Disiki si kitu cha kumsumbua fundi mzima. Ni sahani nzito ya chuma inayozunguka pamoja na gurudumu. Dereva akikanyaga breki, plaketi mbili zinaibana pande zote, gari linasimama. Ikinyooka, mguu hausikii chochote. Ikipinda hata kidogo, pedali inacheza, usukani unatikisika, na kwenye mteremko moyo wa dereva unatikisika pia. Cyrille aliinua gari kwa jeki, akatoa gurudumu, akafunga waya mgumu pembeni ncha yake ikikaribia disiki, kisha akaizungusha kwa mkono. Waya ulinyamaza, ukakwaruza, ukanyamaza, ukakwaruza. Imepinda. Mpya kabisa, na imepinda.

Hii ilikuwa jozi ya tatu. Alikuwa amekwangua kutu yote pale disiki inapokaa, kwa maana chembe moja ya kutu inatosha kuilaza upande. Alikuwa amekaza nati kwa kuvusha, huku na kule, si kwa kuzunguka kama wafanyavyo wavivu. Kazi yake aliikagua mara mbili na hakuona pa kujilaumu. Na mtu akishaamini kwamba kosa si lake, kazi inayobaki ni kumtafuta mwenye kosa, na Cyrille hakwenda mbali.

Alimpata Maliki. Maliki alikuwa wa familia za zamani za wafanyabiashara wa ziwa, mwenye duka linalotazamana na soko, na ndiye aliyeleta vyuma vya magari kwa boti kutoka Kigoma. Walikuwa marafiki wa kula pamoja. Siku ya Idi Cyrille alikuwa kwa Maliki, siku ya Noeli watoto wa Maliki walikuwa kwa Cyrille. Hayo yote hayakumzuia. Jozi ya pili ilipopinda, siku ya soko, alizibwaga zile disiki kwenye ngazi ya duka na kusema, kwa sauti iliyofika mpaka kwa wauza ndakala, wale samaki wadogo wa ziwani, kwamba Maliki anawauzia watu udongo uliopakwa rangi ya chuma, na siku gari la mkate litakapoingia ziwani watu wajue wa kumuuliza ni nani. Maliki aliingia ndani, akatoka na jozi nyingine, akamkabidhi bila kupokea kitu. Cyrille akaona hapo ndipo pamethibitika: asiye na kosa hatoi bure. Tangu siku ile hawakusalimiana, na bado aliendelea kulisimulia jambo hilo kwa kila aliyeleta gari.

Sasa jozi ile ya bure nayo ilikuwa imekwenda. Jioni Mama Philomène alikuja mwenyewe, unga bado uko mikononi. Hakupandisha sauti.

"Papa Cyrille, mambo ya freni mimi siyajue. Ninajua tu mutoto wa watu anashuka mulima na gari yangu. Ikitetemeka tena, inavuka daraja."

Ng'ambo ya daraja kulikuwa na gereji ya Onésime. Kwa Onésime kuku walitaga kwenye injini zilizofunguliwa, na gari liliweza kuingia na tope lake likatoka nalo. Cyrille aliposikia "daraja" alihisi kama ametemewa mate. Alizichukua disiki mpaka karakana ya reli, akamwomba rafiki yake wa zamani azipitishe kwenye mashine, nazo zikachongwa mpaka zikanyooka. Lakini zilibaki nyembamba, hazingechongeka tena. Alizifunga kwa hasira, akawaza kwamba kama si chuma, basi ni mguu. Firmin analalia breki. Alijishangaa kwa nini hakuliona hilo mapema, na safari iliyofuata ya Bendera alipanda gari, akakaa kando ya dereva kama polisi.

Alikaa siku nzima akisubiri kosa. Firmin aliendesha kama mtu aliyepakia mayai. Kwenye kila mteremko alirudisha gia kwanza, akaiacha injini ishike gari, breki akaigusa na kuiachia. Cyrille alizidi kukereka. Aliishia kumlaumu kwamba kioo cha pembeni kimelegea. Waliposhuka mlima wa mwisho, ule mrefu unaoingia mjini, harufu ya plaketi zenye moto ilipanda kidogo, kama inavyotakiwa kupanda kwenye mlima ule, na pedali ilikuwa tulivu kabisa. Disiki zilikuwa nzima. Dereva alikuwa mzima. Cyrille alikuwa karibu kulia kwa hasira.

Chini ya mlima Firmin hakukata kona ya kwenda gereji. Alikata ya ufukweni, pale wanawake wanapofulia, akaliingiza gari taratibu ziwani mpaka maji yakafunika vikombe vya magurudumu. Magurudumu ya mbele yalipiga kelele kama mafuta ya kukaangia yaliyomwagiwa maji, na mvuke mweupe ukapanda pande zote mbili mpaka kwenye kioo.

"Unafanya nini?" Cyrille aliuliza.

Firmin alikuwa tayari amevua viatu, ndoo mkononi. "Ninaiosha kwanza, Papa. Kisha njo tunaenda kwako."

"Kila mara?"

"Kila mara. Si wewe njo ulinifukuza pa mulango?"

Cyrille alishuka na suruali yake, akasimama ndani ya maji mpaka magotini, akasikiliza chuma kikipoa. Hakuhitaji mtu wa kumweleza. Chuma chenye moto ukikitumbukiza majini kinajikunja, na hilo analijua hata mtoto wa mfua majembe. Siku zote alikuwa amesimama langoni akilitazama gari linavyodondosha maji, na alichokiona ni usafi tu. Aliona haya mpaka masikio yakamwaka, na akamchukia Onésime na kuku wake, kwa maana kwa Onésime disiki zile zingekuwa nzima mpaka leo.

Kabla hawajafika sokoni usukani ulikuwa umeanza kucheza. Cyrille alimwambia Firmin asimame mbele ya duka la Maliki.

Ndani alikuta magunia ya chumvi, sabuni na vitenge. Ukutani, palipotundikwa mikanda na plaketi, palibaki misumari. Cyrille aliinama kwenye kaunta akamsimulia Maliki yote kwa sauti ya chini: mlima, maji, bati la langoni. Mwisho akaomba jozi nyingine, ya kulipia safari hii.

"Niliacha vyuma," Maliki akasema. "Nani atanunua kwa muntu wa udongo?" Akanyoosha kitambaa kimoja kisichohitaji kunyooshwa. "Siku ile ulisemea pale inje, kwa ngazi. Soko yote ilisikia. Leo unaniletea ndani ya sikio."

Cyrille alitoka. Ngazi ilikuwa ile ile na watu walikuwa wengi. Mama Philomène naye alikuwa ameshaliona gari lake limesimama pasipo mahali pake, akaja kuuliza kuna nini. Cyrille alikohoa, akasema kwa sauti kwamba disiki za Maliki zilikuwa chuma kizuri, zote, tangu jozi ya kwanza. Wauza ndakala waligeuka.

"Basi nani alikuwa anaziharibisha?" Mama Philomène akauliza.

Firmin aliangalia miguu yake, bado imelowa, bila viatu. Ilikuwa rahisi mno. Ni yeye aliyeliingiza gari majini, na hapakuwa na mtu wa kumtetea. Cyrille aliliona jibu lile limekaa tayari mdomoni, na jina lake lote limekaa nyuma yake.

"Mimi," akasema. "Mutoto alikuwa anatii. Mimi njo nilikuwa ninamurudisha akaoshe gari ingali moto. Jozi zote tatu ni mimi."

Hakuna aliyecheka, na afadhali wangecheka. Mama Philomène akamwambia Firmin avuke daraja, polepole. Gari liliondoka na tope la Bendera mgongoni, kwa kuwa Firmin hakupata nafasi ya kumaliza kuliosha.

Maliki alikuwa amesimama mlangoni. Alisema boti itaondoka kesho kutwa na atamwagiza mtu Kigoma amletee disiki, lakini Cyrille ajue kwamba atampelekea Onésime, maana gari liko kwake sasa.

"Haya," Cyrille akasema. Alishuka ngazi, akarudi hatua moja. "Umwambie asimwage maji kama ingali moto. Yule hajue."