Mguu wa Kulia wa Mwalimu

Mwalimu hakuwa na ubao wala chaki. Darasa lake lilikuwa gari dogo jeupe lenye herufi kubwa ya L mbele na nyuma, na chini ya kiti cha abiria, mahali anapoketi yeye, palikuwa na breki ya pili, iliyotiwa na fundi kwa ajili ya kumwokoa yeye, mwanafunzi wake na viumbe wote watakaotokea mbele yao. Kwa breki hiyo alikuwa ameilisha familia yake miaka mingi, wala hakuwahi kugonga hata kuku. Mji mzima ulimwita Mwalimu Polepole, naye aliipokea lakabu hiyo kama mtu anayepokea cheo.

Mwaka ule, shule zilipofungwa kwa likizo ndefu ya kiangazi, nyumbani kwake kulizuka jambo. Binti zake wawili walikuwa wamepata nafasi katika shule mpya ng'ambo ya mji, mahali ambapo basi halifiki, na miguu hufika kengele imekwisha kulia. Mwalimu hakuweza kuwapeleka, maana wanafunzi wake walipenda kujifunza asubuhi na mapema, kabla barabara hazijajaa mashahidi. Mkewe alikuwa mkunga katika zahanati, na njia ya zahanati ilipita mbele ya lango la shule hiyo. Tena uani palikuwa na gari aliloachiwa na kaka yake, aliyekwenda kufanya kazi nchi za mbali. Lilikuwa limefunikwa turubai, na juu ya turubai amelala paka. Kilichokosekana kilikuwa kimoja tu: Mkunga hakuwa na leseni.

"Utanifundisha," alimwambia mumewe wakiwa mezani. "Shule ikifunguliwa niwe na leseni mkononi. Ama sivyo, wanao watasoma kwa kuota."

"Nitakufundisha," alisema Mwalimu. "Lakini tuelewane. Garini mimi si mume wako. Garini mimi ni mwalimu."

"Na nyumbani?"

"Nyumbani tutaona."

"Na vyombo ataosha nani, mume au mwalimu?" alidakia binti mdogo, ambaye aliitwa Redio kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia.

Basi likizo ile ikawa ya masomo. Kwa kuwa familia haikuwa na saa hata moja ya kupoteza, kila shughuli ya nyumbani ilifanywa somo. Somo la gia lilifanyika wakienda kubadilisha mtungi wa gesi. Somo la kurudi nyuma lilifanyika katika kichochoro cha mshona sare, ambako wasichana walikwenda kupimwa, kisha kupimwa tena kwa kuwa walikuwa wamerefuka, hata fundi yule akajizoesha kuingiza cherehani yake ndani kila asikiapo injini. Siku walipokwenda ziwani kuogelea, Mkunga aliendesha kwenda na kurudi, huku watoto wakilalamikia joto nyuma na taulo zenye maji zikining'inia madirishani.

Na kila mahali alipofika, gari lilisimama. Lilisimama kwenye taa, kwenye njia panda, mbele ya mbuzi, mbele ya wazee. Lilisimama kwa upole, kama mtu aliyeombwa kwa adabu.

"Gari hili limelelewa," Mkunga alipenda kusema.

Mwalimu alijisifu moyoni. Alikuwa amefundisha mabaharia, wauguzi na wachinjaji, lakini hakuwahi kupata mwanafunzi ambaye hakuhitaji kuambiwa simama. Kabla hajafungua kinywa, walikwisha kusimama.

"Nyii," alikuwa akisema Redio kule nyuma, kila waliposimama.

"Usilidhihaki gari," Mwalimu alimkanya.

Siku ya mtihani ilipowadia, Mwalimu alivaa shati lililopigwa pasi mara mbili, akaketi kwenye benchi nje ya ofisi ya leseni. Mtahini, bwana mnene asiyejua kucheka, aliingia katika kiti cha Mwalimu na kuikunja miguu chini yake, kwa maana kanuni zilimkataza kumsaidia anayetahiniwa. Gari likatoka taratibu, likakata kona kwa heshima zote, likatoweka. Liliporudi, aliyeshika usukani alikuwa mtahini.

"Mwalimu," alisema akishuka, "mkeo anajua gia. Anajua vioo. Anajua alama za barabarani, hata zile ambazo mimi nilikwisha kuzisahau. Ila hasimami."

"Hasimami kivipi?"

"Tumefika kwenye kivuko, watu wanavuka. Akaondoa mguu kwenye mafuta, akaituliza mikono, akangoja."

"Akangoja nini?"

"Ndicho nilichomuuliza. Lakini kwanza nilivuta breki ya mkono."

Mkunga alikuwa bado ameketi ndani, uso umetulia kama wa mtu aliyesalitiwa na rafiki. "Leo lina kiburi," alisema. "Siku zote likifika mahali pa kusimama husimama."

"Lenyewe?" aliuliza mtahini.

"Lenyewe."

Mtahini alimtazama Mwalimu kwa kitambo, kama anayesoma bango lililofutika herufi. "Kulikuwa na bwana mmoja na baiskeli," alisema hatimaye. "Sasa yuko juu ya ukuta wa benki. Hakuumia, lakini amekataa kushuka mpaka gari hili liondoke mjini. Mkeo atarudia mtihani siku ya mwisho ya likizo. Baada ya hapo ofisi inafungwa, na mimi nakwenda kupumzika."

Nyumbani Mwalimu alitafakari, akamwaga mafuta yote ya breki na kutia mapya, kisha akatoa hukumu.

"Ni viatu."

"Viatu vyangu vina nini?" aliuliza Mkunga. "Kwa viatu hivi nimezalisha nusu ya mtaa."

"Kuzalisha si kuendesha."

"Ni kweli. Kule nikisema sukuma, mtu anasukuma. Huku nangoja gari lisimame, linakwenda kusalimia watu."

Alinunuliwa viatu vyenye soli nyembamba. Lakini nyumba haikuwa na raha. Sare mpya zilitundikwa mlangoni zikiwa zimepigwa pasi, na kila aliyepita alizipisha kama wageni wasiojulikana watakaa siku ngapi. Dada mkubwa, msichana mwenye maneno machache na hesabu nyingi, alianza kuulizia kama dawati lake la zamani bado lipo. Naye Mwalimu, akipita mtaani, aliona watu wakimsalimia kwa uangalifu zaidi ya kawaida, huku wakipanda juu ya vibaraza.

Zikabaki siku chache, na ikalazimu waende kumchukua Bibi, mama yake Mkunga, aliyekuwa akija kukaa nao wakati wa pilikapilika za kufungua shule. Kwenda, Mkunga aliendesha na Mwalimu akaketi mahali pake. Gari lilisimama kila lilipotakiwa.

"Unaona?" alisema Mwalimu. "Viatu."

"Nyii," alisema Redio.

Wakati wa kurudi ndipo mambo yalipogeuka, wala hakuna aliyeyapanga. Bibi alitoka na mabegi, godoro lake mwenyewe, kwa kuwa hakuamini magodoro ya watu, na mayai aliyokuwa akiyaweka tangu wiki iliyopita kwa ajili ya wajukuu. Buti ya gari ikajaa, godoro likiegemea kiti cha nyuma. Kisha alifungua mlango wa mbele akaketi, kwa utulivu wa mtu ambaye hajafikiria kwamba kiti hicho kingeweza kuwa cha mwingine.

Mwalimu alisimama nje, mkono mlangoni. Kumwambia mama mkwe wake ahamie nyuma ni neno ambalo ulimi wake haukuwa na umbo la kulitamka.

"Mkwe wangu, kuna nini?" aliuliza Bibi.

"Hapana, mama. Nilikuwa natazama kama umekaa vizuri."

"Nimekaa. Na hiki kidude hapa miguuni ni cha nini? Cha kupumzishia mguu?"

"Mama, tafadhali, hicho usikiguse kabisa."

"Sikigusi," alisema Bibi, akavua viatu, akaipandisha miguu yote miwili juu ya kiti na kuikunja kama aliye mkekani. "Sasa mayai haya yakae wapi? Nyuma yatavunjika. Wewe ni mtu makini, mji mzima unasema. Yaweke miguuni pako."

Basi Mwalimu akaketi nyuma kati ya binti zake, magoti karibu na kidevu, trei ya mayai chini ya miguu yake, na shingo imenyooshwa kama ya kuku anayesikiliza mwewe.

Barabara ilikuwa nyeupe na tupu, na kwa muda mrefu hapakuwa na sababu ya kusimama. Bibi alisimulia habari za ndoa ya jirani iliyovunjika kwa sababu ya ngazi. Watoto wakasinzia. Kisha wakashuka mteremko, na chini yake kizuizi cha reli kilikuwa kimeteremshwa, na mbele ya kizuizi lilikuwa limesimama lori la saruji.

Mkunga aliliona. Akafanya kila alichofundishwa: akatazama kioo, akaondoa mguu kwenye mafuta, akaituliza mikono. Kisha akangoja.

Gari halikuonyesha dalili ya kukumbuka malezi yake.

"Mwanangu," alisema Bibi, bila kupandisha sauti, "lile lori lipo, ujue."

"Naliona, mama."

"Nilidhani labda hulioni, kwa vile linazidi kuwa kubwa."

Hapo Mwalimu akakanyaga. Hakuamua, mguu uliamua. Akakanyaga kwa nguvu zake zote, na gari likaendelea kwenda. Akakanyaga tena. Kelele ya "breki!" ilitoka kinywani mwake kwa sauti aliyokuwa haijui, na Mkunga, ambaye tangu kuanza kujifunza hakuwahi kuambiwa neno hilo, akaitafuta pedali ya katikati na kuididimiza mpaka chini. Wote wakainama mbele kama walioitikia jambo. Godoro likawagonga kisogoni. Gari likasimama, na pua yake ingeweza kusoma namba ya lori bila miwani.

Treni ikapita, behewa kwa behewa, mpaka ikaisha.

"Baba amekanyaga mayai," alisema Redio.

"Sijakanyaga."

"Mguu umo ndani, Baba."

Mwalimu akatazama chini. Mguu wake wa kulia ulikuwa umezama kwenye trei mpaka kwenye kifundo, umenyooka barabara, nao ulikuwa bado unakandamiza. Aliuamuru uache. Ulichelewa kidogo kutii.

Katika kioo cha juu, macho ya Mkunga yalikutana na ya kwake.

"Mguu upi?" aliuliza Mkunga.

"Wa kulia," alisema Mwalimu.

"Na kabla ya leo, huo mguu ulikuwa ukifanya nini?"

Mwalimu alikumbuka taa zote, njia panda zote, mbuzi na wazee, na jinsi ambavyo hakuwahi kuhitaji kusema simama.

"Ndiyo maana ilikuwa inalia nyii," alisema Redio. "Ni breki ya Baba. Nilikuwa nawaambieni."

"Mama, kwani ulikuwa hujui?" aliuliza dada mkubwa, akistaajabu kwa dhati. "Sisi tulidhani mmekubaliana. Mmoja wa kwenda, mmoja wa kusimama."

Mkunga aligeuka, akamtazama mumewe, ute wa yai ukimtiririka kwenye kiatu. Alikuwa na maneno mengi, ilionekana wazi, naye akawa anayachagua.

"Nimemrusha mtu juu ya ukuta wa benki," alisema mwishowe, "nikanunuliwa viatu."

"Mkunga, sikujua. Wallahi, mguu wenyewe ndio..."

"Mwache," alisema Bibi. "Mwanamume amekulinda mpaka ukakaribia kuua watu. Ni mapenzi hayo, japo ya mguuni. Vua kiatu, mkwe wangu, ukunje miguu kama mimi. Kizuizi kimepandishwa."

Kutoka hapo mpaka nyumbani Mwalimu alisafiri amekunja miguu juu ya kiti, mikono imeshika vifundo vyake, na dada mkubwa akawekwa mlinzi. Mkunga aliendesha na kusimama. Mara ya kwanza alisimama kabla ya wakati, mara ya pili alisimama kwa kishindo, na mara nyingine alisimama mahali pasipo na sababu, kwa ajili ya kujiridhisha. Walipoingia mjini alikuwa akisimama kama mtu anayeweka kikombe mezani. Siku zote zilizosalia walikwenda hivyo hivyo: Bibi mbele amekunja miguu, Mwalimu nyuma peku, mtaa mzima ukichungulia madirishani.

Siku ya mwisho ya likizo mtahini alipanda, akafunga mkanda, akaufunga tena. Waliporudi, Mkunga ndiye aliyeshika usukani.

"Amesimama," mtahini alimwambia Mwalimu, na alionekana kama aliyetaka kutabasamu akasahau njia. "Yeye mwenyewe."

Asubuhi ya kufungua shule, nyumba ilikuwa vurugu tupu: soksi moja haionekani, Redio anatangaza habari za soksi, Bibi anasuka nywele huku anapiga mswaki. Turubai liliondolewa, paka akahama kwa hasira. Gari la mjomba halikuwa na breki ya pili. Wasichana wakaingia na sare zao, Bibi akaketi mbele, na Mkunga akawasha.

Mwalimu alibaki langoni. Karibu naye, gari jeupe lilikuwa limeegeshwa, limezimwa, na mwanafunzi wake wa kwanza wa siku ile, kijana muuza vitambaa, alisimama akimsubiri.

Gari la mjomba lilifika njia panda. Kutoka kulia likaja lori la taka. Taa nyekundu za nyuma zikawaka, gari likatulia, lori likapita, taa zikazimika, na familia ikakata kona kwenda shule.

"Mwalimu," aliita kijana yule, "mbona unakanyaga hivyo?"

Mwalimu akatazama chini. Ndara yake ya kulia ilikuwa imezama mchangani mpaka kwenye kamba.

"Nafunga breki," alijibu, kwa kuwa hakuwa mtu wa kusema uongo.

Kijana alilitazama gari jeupe lililozimwa, akamtazama Mwalimu, akaingia ndani polepole, akafunga mkanda.