Kufuli Kwenye Kabati la Umeme

Kiwanda kile cha magodoro hakikuwa na jiko. Kila mtu alifika asubuhi na kibakuli chake cha bati, akakiweka juu ya kabati la umeme la mashine ya kukata sponji, na saa saba akakikuta na uvuguvugu wake. Pembe ya kushoto ndiyo iliyogombewa. Kibakuli kilichokaa pale kilifuka kama kimeepuliwa sasa hivi, mpaka msimamizi akaitwaa pembe hiyo ikawa yake peke yake.

Aliyelifuta kabati hilo kila siku alikuwa dada mfagiaji. Walimbandika jina Kobe, kwa jinsi alivyofuta vumbi taratibu, utadhani analihesabu. Mwanzoni pembe ile ilikuwa na joto la paji la mgonjwa. Wiki ya pili akawa anapitisha kitambaa upesi. Wiki ya tatu rangi ya kijivu ikageuka kahawia, ikaanza kubanduka magamba, na ikazuka harufu ya samaki.

Watu wakatupiana lawama. Nani analeta samaki? Vibakuli vikafunuliwa kimoja kimoja: maharage, mchicha, wali mtupu wa mtu aliyegombana na mkewe. Samaki hakuonekana. Wakacheka, wakala.

Kobe hakucheka. Alikwisha kuona kwamba mashine ikikata, harufu inapanda, ikizimwa, inashuka. Samaki gani huyo anayenuka kwa zamu?

Na nyuma ya mashine, kati ya ukuta na marundo ya sponji yaliyogusa dari, ndipo alipoketi shangazi yake akishona vitambaa vya magodoro. Shangazi aliyemlea tangu utotoni, ndiye pia aliyemwombea kazi. Pa kutokea palikuwa mahali pamoja tu: mbele ya kabati lile.

Mara mbili Kobe alimwendea msimamizi, na mara mbili alijibiwa kwamba kabati la umeme lina haki ya kuwa na joto, na mashine ikisimama magodoro hayajishoni. Siku ya tatu, watu walipokuwa wakila, alisikia ndani ya kabati sauti ndogo, kama mafuta yanayorukiwa na tone la maji, wakati mashine imekwisha pumzishwa. Akaweka ufagio chini. Akashika mpini mkubwa wa kuzimia umeme ubavuni mwa kabati, akauvuta mpaka chini, akapitisha kwenye tundu lake kufuli la stoo ya mafagio. Akalifunga. Ufunguo akaufumbata.

Chakula kilipokwisha, msimamizi akaja akijifuta midomo.

"Nani kafunga hapa?"

"Mimi."

"Wewe! Umeishia la saba, leo umekuwa injinia?"

"Pua haikwenda shule yoyote, bosi, na inasikia waya unaungua."

Mtu mmoja akacheka, akajifanya anakohoa.

"Toa kufuli."

"Sitoi. Aitwe fundi."

"Nitahesabu mpaka tatu."

"Hesabu hata mia. Mimi nasubiri fundi."

Shangazi alichomoka nyuma ya sponji, sindano ingali mdomoni. Akaitoa. "Mwanangu, usiniaibishe. Mpe mwenzio ufunguo. Kazi hii niliipigia magoti."

"Najua, shangazi. Lakini anayekaa kule nyuma ni wewe. Sponji hii ikishika moto, utapita wapi?"

Shangazi akageuka kutazama kiti chake. Akatazama marundo, akatazama ule upenyo mbele ya kabati ambamo yeye na unene wake walipita kwa ubavu. Alikwenda akakileta kiti, akakitua kando ya Kobe, akakalia.

"Na wewe mama?" msimamizi akashangaa.

"Miguu inaniuma," alisema shangazi. "Mwite fundi."

Washonaji wengine nao wakaacha vyerehani. Hapo msimamizi akatuma aitwe fundi umeme, yule waliyemwita Babu Testa kwa kuwa testa, bisibisi yake ya kupimia umeme, haikumtoka sikioni. Alitoka karakana ng'ambo ya ua akicheka, akauliza ni nani aliyeoa umeme bila kumjulisha. Alikwenda akazima swichi kuu ya nje, akarudi, akafungua mlango wa kabati, akapima. Kicheko kikakatika.

Kati ya nyaya tatu nene, mmoja ulikuwa umeiva. Ganda lake lilikuwa jeusi, limepasuka kama mhogo wa kuchoma, na kishikio kinachoubana kwa nati kimeungua kwa chini. Babu Testa akaigusa nati kwa vidole viwili. Ikazunguka. Haikuhitaji hata spana.

"Mtikisiko wa mashine," alisema kwa sauti ya chini. "Imelegea kidogo kidogo. Waya haushiki vizuri, unachemka. Ukichemka, unalegea zaidi. Hii ingewaka leo au kesho."

"Basi kaza," msimamizi akasema, "watu waendelee."

"Kukaza si kuponya," Kobe akadakia. "Waya huo umeungua. Ubadilishwe, na kishikio chake."

"Nani kakuuliza?"

"Hajaulizwa, ila kasema kweli," fundi akajibu, akaenda kutafuta waya mpya.

Msimamizi akamsogelea Kobe mpaka pumzi zikakutana. "Kesho saa mbili, ofisini. Na barua yako utaikuta mezani."

"Nitafika saa moja," alisema Kobe. "Nifagie kwanza."

Waya mpya ukafungwa. Kobe akasimama begani kwa fundi akimwonyesha kila nati kwa kidole. Na hiyo. Na ile ya chini. Hiyo nayo, rudia. Babu Testa alikaza bila kununa. Mara mbili alikuta nati imelegea, spana ikazunguka nusu duara nzima, akamtupia jicho msimamizi.

Jua lilikuwa limeanza kulala madirishani msimamizi aliponyoosha kiganja.

"Haya, imetosha. Ufunguo."

Kobe alichungulia ndani ya kabati.

"Bado nati mbili," akasema, na ngumi yake haikufunguka.