Kitenzi cha Carmel

Brice alipotoka hospitali bila vidole vinne vya mkono wa kulia, alianza kujizoeza kushika simu kwa kushoto. Mkewe Libérata alikuwa bado Italia na binti yao Carmel, wakingoja kumfuata Toronto, naye hakuthubutu kuwaambia kwamba mashine ya kukandia unga kiwandani, huko Scarborough, mashariki mwa jiji hilo, ilikuwa imemtafuna.

Kila Jumapili walipigiana simu ya video. Carmel alikielewa Kiswahili lakini hakukisema. Aliaga kwa Kiitaliano: "Papà, mi manchi." Brice alimpungia kwa kushoto, wa kulia ameuficha chini ya meza.

Jioni moja jirani yake, mzee Eustache, aliyewahi kufundisha Kilatini seminarini Bukavu, alimletea ugali na sombe, mboga ya majani ya muhogo. Ili mzee asimwulize habari za mkono, Brice alimwuliza habari za maneno yale ya Carmel.

"Hasemi anakukumbuka," mzee akasema. "Anasema unampungukia. Kitenzi chenyewe ni *mancare*, kimetokana na neno la Kilatini, *mancus*..." Akaanza kumega ugali.

"Maana yake?"

"Tule kwanza, mwanangu."

"Papa Eustache, niambie."

"Aliyelemaa mkono," mzee akasema, macho sakafuni. "Manus ni mkono. Polepole likawa kupungukiwa na chochote, hata na mtu."

Brice alicheka kicheko kikavu, wala hakugusa chakula.

Usiku huo hakulala. Alijiambia kwamba mtoto anayepungukiwa ana haki ya kujua baba yake naye amepungukiwa na nini. Jumapili akauweka mkono mezani, mbele ya kamera. Carmel akapiga yowe, akakimbia.

"Tangu lini?" Libérata akauliza.

"Tangu kabla ya Pasaka."

"Na ukatuambia tufunge mizigo! Tuje tuishi kwa kazi gani, Brice?"

"Nitapata nyingine."

"Mimi hapa nina kazi, mtoto ana shule. Hatuji." Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtia Brice hofu. "Usitungoje."

Jumapili iliyofuata simu iliita mpaka ikakatika. Baadaye ikawa haiiti kabisa.

Mzee Eustache alikuja akagonga, akasema Carmel bado mdogo, akikua atamtafuta baba yake. Brice alimshukuru akiwa ndani. Mlango hakuufungua.