Namba Saba Hajahama

Nukta ya bata namba saba ilisimama juu ya jiko la baba yangu kule Ubaruku. Mimi niko Ilomba, mbele ya ramani kwenye kompyuta ya ofisi, nimepaliwa na chai.

Mradi wetu ulikuwa umewavisha bata mwitu tisa vifaa mgongoni, vidogo kama kiberiti, vinavyowasiliana na setilaiti. Kazi yangu ilikuwa kuangalia wanakokwenda na kuandika. Bata akiuawa unaripoti siku hiyohiyo, na askari wa wanyamapori wanafika mlangoni kwa mtu. Nikatoka nje, nikapiga simu.

"Baba, umekula bata?"

Mzee Edmund hajui kudanganya, ndiyo shida yake.

"Walikuwa wananimalizia mbegu, Esnath. Nikatega. Hicho kidude nimekiona wakati wa kunyonyoa."

"Unajua watakufunga?"

"Na wewe je, kazi yako?"

Kazi ile niliipata baada ya kuzunguka na vyeti miaka minne.

"Nipe mpaka kesho," akasema. "Usiandike kwanza."

Sikuandika. Kesho yake nukta ikatembea: ikaenda kisimani, ikazunguka banda, ikarudi. Nilielewa palepale. Nikaona aibu, na nikamshukuru Mungu, vyote kwa pamoja.

Mvua zilipokatika, bata wengine wakaondoka. Wawili wakavukia Zambia, mmoja akatua Rukwa. Namba saba akabaki anazunguka ua wa baba. Bosi wangu, Crispin, akawa hana wimbo mwingine.

"Huyu amekataa kuhama," aliwaambia wageni. "Esnath ndiye anamfuatilia."

Alivyozidi kunisifu ndivyo nilivyozidi kubanwa. Nikisema kweli, baba anakwenda jela na mimi narudi kuzunguka na vyeti. Nikinyamaza, nawadanganya watu walioniamini.

Jumamosi moja nikaenda Ubaruku kukivua kile kifaa. Nilishapanga uongo wa mwisho: kimedondoka, kimeokotwa kwenye jaruba la mpunga. Baba alinipokea begi, na kabla salamu hazijaisha akanivuta nyuma ya nyumba. Bata wa kufugwa, mweupe, mnene, alikuwa anachakura matope. Kifaa kilikuwa mgongoni, kimefungwa kwa kamba za viatu vya baba vya kanisani.

"Kila asubuhi naangalia kama kimekaa sawa," alisema. "Na mabawa nimemkata, asije akarukia kwa jirani akakuharibia kazi."

Akanitazama, anasubiri. Nilikuwa sijawahi kumwona baba yangu anajivunia kitu namna ile. Sikuwa na moyo wa kumwambia kilichonileta.

"Asante, baba," nikasema.

Jumatatu niliandika: namba saba, yu hai, hajahama. Mpaka leo, kila Jumatatu, naandika hivyo.