Kuku Chini ya Jeneza

Kitu cha kwanza Trizah alichoona kwenye skrini ni kuku. Alikuwa anapita chini ya jeneza akidonoa, na hakuna aliyemfukuza. Waombolezaji walipiga mayowe, kila mmoja akitaka kumzidi mwenzake, na kuku anakula tu.

"Hiyo umetoa wapi?" Okoth aliuliza. Yeye ndiye mwenye duka la filamu pale Kawangware, na Trizah kazi yake ilikuwa kuwajazia watu filamu kwenye flash. Siku hiyo alikuwa amepewa katoni ya diski kuukuu achague za kutupa.

"Chini kabisa. Ya Nigeria. Ya kijijini."

"Imefifia hivyo? Tupa. Watu wanataka za majumba na magari."

Hakuitupa. Kiingereza chao alikipata nusu, lakini hadithi ilijieleza. Mzee mwenye mashamba ya mihogo amejifanya amekufa ili ajue nani atamlilia zaidi. Watu wanagaagaa chini. Mmoja amejipaka pilipili machoni. Binti yake peke yake halii. Anapita na sufuria, anarudi, anachochea kuni. Mwishowe mzee anashindwa kuvumilia, anaketi ndani ya jeneza na kumfokea: "We! Mbona hulii?" Binti hata hashtuki. "Na hawa watu wako wangekula nini?"

Okoth alicheka mpaka akashika meza. Trizah hakucheka. Aliirudisha nyuma, akaitazama tena, kisha akaitia kwenye flash yake.

Tangu mama yake azikwe Webuye, Trizah alikuwa anaishi mtaa wa Lindi, huku huku jijini, kwa Nalianya, mdogo wa mama. Siku ya mazishi hakutoa chozi. Alimimina chai na kuosha vikombe, na wanawake wakamwangalia. Nalianya hakuwa amesahau. Wiki hiyo alikuwa amemwambia waziwazi: "Makumbusho ya mama yako ni Jumamosi. Kama unaenda kukaa tena kama jiwe mbele ya watu wetu, afadhali ubaki hapa."

"Sawa," Trizah alisema. Siku hizi kila kitu alijibu sawa.

Jumapili, walipotoka kanisani, Nalianya alivua viatu akanyoosha miguu kitandani.

"Haya, niwekee Nigeria."

Trizah alichomeka flash kwenye runinga. Nalianya hakuchelewa kucheka.

"Huyo wa pilipili ni Risper kabisa! Si ulimwona alivyolia kwa matanga ya jirani Boaz? Na hata hawakuwa wanasalimiana!"

Halafu yule binti akapita na sufuria. Akapita tena. Kicheko cha Nalianya kikapungua, kikaisha. Mzee aliketi jenezani akafoka, binti akajibu, na chumbani hakuna aliyecheka.

"Ndiyo maana umeniletea hii?"

"Hapana. Niliona kuku."

"Kuku gani, Trizah?"

Nalianya aliketi wima. Sauti yake ilikuwa imelegea.

"Kumbe na wewe ulikuwa unafikiria wageni. Ungeniambia tu, mwanangu. Nitawaambia hivyo nyumbani. Jumamosi tutaenda pamoja."

Ilibaki Trizah kusema sawa. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Kwenye runinga kuku alikuwa amerudi, amepanda juu ya kifuniko cha jeneza.

"Si wageni, mama mdogo," Trizah alisema. Alikuwa anaangalia mikono yake. "Wageni walikuwa na watu wa kuwapikia. Niliacha shule darasa la saba nikamuuguza mama miaka sita, na hiyo miaka yote sikuwahi kulala nikashiba usingizi. Niliwaambia alikufa jioni. Alikufa saa nane mchana. Nilimfunga macho, halafu nikalala kando yake. Sikukupigia simu mpaka jioni kwa sababu nilikuwa nimelala. Na nilijisikia vizuri."