Jumanne ya Nagaratna

"Rupia arobaini zimepokelewa," kikatangaza kisanduku cha malipo ya simu juu ya meza ya maua, na kiganja cha Nagaratna, kilichonyooka kwa mazoea, kikarudi kitupu. Mteja alikwishageuka, koja la asumini likining'inia nyweleni mwake. Upande wa pili wa Mysuru, katika karakana ya pikipiki, simu ya Mahadeva mumewe ilikuwa imetetemeka mfukoni, pesa ikiingia kwake.

Zamani pesa ilikuwa na giza lake. Noti ilikuja imelowa maji ya maua, ikakunjwa, ikatiwa kifuani, na hakuna aliyejua imelala wapi. Kila Jumanne, soko lilipopoa, Nagaratna alifunika maua kwa kitambaa kibichi, akapanda basi hadi mto Kaveri. Huko alinunua hindi la kuchoma lililopakwa ndimu na pilipili, akaketi kwenye ngazi za mawe, miguu majini. Hakuwa na hawara wala nadhiri. Alikwenda kupumzika kuwa mke wa mtu na mama wa mtu, basi. Mahadeva hakupata kujua, maana noti hazina ulimi.

Kisanduku alikileta Mahadeva mwenyewe, kwa furaha. "Umepona adha ya chenji, mama Pavitra!" Hakuwa mtu mbaya, na hapo ndipo palipokuwa pagumu. Jumanne ya kwanza baada ya hapo, akimega bonge la ragi, ugali wa ulezi, aliuliza kwa upole, "Leo alasiri nzima simu yangu haikulia. Kulikoni?"

"Wateja walikauka," akadanganya.

Hakwenda tena. Alijaribu kuwaomba wateja noti. Wakacheka: "Noti, dada? Sijashika noti tangu Diwali!" Akaendelea kutunga maua, na kati ya vidole vyake uzi ukawa maji, asumini zikawa povu, na mara nyingine alishtuka mteja akimwita kwa mara ya tatu.

Kisha Jumanne moja mvua ilinyesha ikapita, mawe ya soko yakatoa harufu ya mto. Miguu yake ilisimama kabla yake.

"Shoga," alimwambia Sarojamma, muuza ndizi wa jirani, "bwana akija, mwambie nimekwenda mtoni."

"Hee! Nimwambie hivyohivyo?"

"Hivyohivyo."

Basi halikumdai kitu. Siku hizi wanawake hawalipi nauli. Lakini pale mtoni, bibi wa mahindi naye alimwonyesha karatasi ya kulipia kwa simu.

"Simu sina, bibi. Noti nazo sina."

"Sasa kichwani una nini?"

Nagaratna alifungua kikuba cha asumini nyweleni mwake, akakifunga kwenye mvi za bibi yule. Bibi akajitazama majini, akacheka kama mwari, akamchagulia hindi nono.

Akaketi. Mto ulipita bila haraka, ukibeba majani, mbingu na vivuli vya ndege. Kwa kitambo hakujua kama ni maji yaendayo au ni yeye. Hindi lilikuwa tamu kuliko yote aliyowahi kuyala kwa siri.

Aliporudi, Mahadeva alikuwa amesimama kando ya meza iliyofunikwa, mikono imejaa oili.

"Simu imenyamaza, nikasema umeanguka! Nimekimbia kama kichaa. Kweli ulikuwa mtoni?"

"Kweli."

"Na nani?"

"Na mimi. Nimekuwa nikienda miaka mingi."

"Miaka mingi," alirudia, kama mtu aliyeonyeshwa chumba asichokijua ndani ya nyumba yake mwenyewe. Aliutazama upindo wa sari yake, ulioloa. Nagaratna alingoja ngurumo. Haikuja.

"Maji yamepanda?" aliuliza hatimaye.

"Yamepanda."

"Basi Jumanne ijayo, labda nami..."

Nagaratna akatikisa kichwa, taratibu, bila ukali.

"Wewe nenda Jumatano, baba Pavitra."

Mahadeva akainama akashika upande mmoja wa meza, naye Nagaratna akashika wa pili, wakaiinua pamoja.