Redio na Taa ya Ndani

Mwaka ule petroli ilikuwa ikiuzwa kwa chupa za soda, tena kwa kunong'ona, na gari la Mwantum lilikuwa halitoki uani ila kwa sababu kubwa. Lilikuwa Corolla nyeupe iliyozeeka vizuri kuliko mwenyewe. Marehemu mumewe, Shakuru, alilifanyia teksi miaka mingi, kisha akafa kitandani kwa ugonjwa wa moyo. Mwantum alilitaja hilo kwa fahari, maana siku zile mjini Bujumbura kufa kwa ugonjwa wa kawaida kulikuwa karibu sawa na kupewa cheo.

Nyumba yake ilikuwa Jabe, nyuma ya soko. Zamani ua ule ulijaa watu hadi choo kikawa na foleni. Halafu vita vikaja, watu wakaanza kupungua. Binti yake, Assia, alivuka kwenda Kigoma na watoto. Wapangaji nao wakahama mmoja mmoja, wengine waliaga, wengine hata hawakumaliza kuanua nguo kambani. Mwishoni alibaki Mwantum, kuku mmoja mwenye kiburi aliyekataa kutaga, na gari.

Jioni umeme wa mtaa ulikuwa ukikatika, na betri za redio ya ndani zilikuwa hazipatikani. Basi Mwantum alikuwa akichukua kikombe chake cha chai, anafungua mlango wa Corolla, anakaa kiti cha abiria, upande wake wa siku zote, na kusikiliza redio ya gari. Kiti cha dereva alikiacha wazi. Msomaji wa habari akisema "habari za jioni", Mwantum alimjibu. Hakuona aibu. Katika nyumba nzima, huyo ndiye pekee aliyekuwa akimsalimu.

Shida ilikuwa swichi ya ufunguo. Ilikuwa imechoka, redio ikawa inazimika katikati ya habari, mara nyingi pale pale mtu anapotaka kujua nani kapigana na nani. Ndipo akamwita Sulemani.

Sulemani alikuwa jirani, fundi wa umeme wa magari, mjane kama yeye. Mkewe Khadidja alikuwa amefariki kabla ya vita, na mwanawe Ilias alikuwa amehamia Uvira, upande wa Kongo. Wazee hao wawili walikuwa wakiitana kwa majina ya watoto wasiokuwepo, Mama Assia na Baba Ilias, na katika mtaa mzima hakukuwa tena na mtu mwingine wa kutaniana naye.

Sulemani alifanya kama mafundi wote wa Jabe walivyowafanyia madereva wa teksi, waliopenda kusikiliza muziki huku ufunguo uko mfukoni wakingoja wateja. Alichukua umeme wa redio kwenye waya wa taa ya ndani, ile ndogo ya darini, kwa sababu waya ule una moto, yaani umeme, saa zote, ufunguo uwepo usiwepo. Mkanda wa kufungia nyaya ulikuwa umeadimika dukani kama petroli, kwa hiyo alifunga kiungo kwa ukanda wa mpira wa baiskeli, akaupitisha waya chini ya dashibodi.

"Sasa unisikilize, Mama Assia," alisema akiwa amelala chali, miguu nje. "Redio na taa ya ndani biko kwa fyuzi moja. Redio ikiharibika, taa nayo inakufa."

"Kama bibi na bwana."

"Mi siongee mambo ya ndoa. Fyuzi ikikatika, iko na kitu inakuambia. Utafute hicho kitu. Usiweke karatasi ya sigara, ile ya kung'aa. Madereva banaweka, na magari yabo inaungua."

"We unavuta sigara, karatasi unaweka wapi?"

"Mufukoni. Na kila ukigusa nyaya, kwanza utoe ncha ya kutoa kwa batri, ile ya alama ya kistari kimoja. Ya kujumlisha uiache. Ukirudisha, hiyo ya kutoa inarudi ya mwisho."

Mwantum alikuwa ameishia darasa la sita, akili yake ilikuwa kali kama wembe, na alishaelewa mara ya kwanza. Lakini akajifanya mgumu. Kila Ijumaa baada ya sala alimwita Sulemani amwonyeshe tena: namna ya kusugua ule ukungu wa kijani kwenye ncha za batri kwa maji moto na brashi, namna ya kuitoa fyuzi ya kioo na kuiinua kwenye mwanga uone kama uzi wake ni mzima, namna ya kungurumisha injini kidogo ili batri isilale njaa. Sulemani alilalamika kwamba hajawahi kuona mwanafunzi mjinga namna hii. Halafu alikubali chai, akakaa mpaka jua likaelekea milima ya Kongo.

Ikaja Ijumaa moja hakuja.

Mwantum alingoja, akajiambia amekasirika. Alasiri akakumbuka kwamba toka asubuhi hakusikia kikohozi chake ng'ambo ya ukuta, kikohozi ambacho alizoea kukitukana. Akaenda. Alimkuta Sulemani sakafuni kando ya kitanda, mwili unawaka, macho yamefunguka lakini hayamwoni.

"Khadidja," alisema, "funga dirisha, mvua inaingia."

Hapakuwa na mvua. Kiangazi kilikuwa kimekausha hata mitaro.

Aliwaita majirani wa upande wa pili, wakamsaidia kumbeba hadi kiti cha nyuma cha Corolla, lakini hakuna aliyetaka kupanda. Hospitali ilikuwa upande wa juu, karibu na mtaa wa Mutanga Nord, na kabla ya kufika kulikuwa na daraja, na darajani kulikuwa na kizuizi cha wanajeshi. Giza likiingia, couvre-feu, amri ya kutotembea usiku, ingewakuta njiani. Mwantum hakubembeleza mtu. Alitia kapuni chupa ya chai, kikombe, viazi na kisu cha kuvimenyea, kwa sababu hospitalini mgonjwa hula cha kwao, akakaa kiti cha dereva kwa mara ya kwanza tangu Shakuru afe. Shakuru alikuwa amemfundisha kuendesha zamani, kwenye barabara ya ziwani, na alikuwa amesema mke wake anaendesha kama mtu anayefukuza mbuzi. Uendeshaji wake ulikuwa haujabadilika.

Alifungua redio ili apate ujasiri. Msomaji wa habari akaanza kusema, gari likaingia shimo moja, likatoka, likaingia la pili. Sauti ikakatika katikati ya neno.

Mwanzoni alidhani ni mitambo ya huko kituo cha redio. Halafu akakumbuka fyuzi. Alinyoosha mkono darini akabonyeza swichi ya taa ya ndani. Hakuna kitu. Akabonyeza tena, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba iliyohamwa.

Mjini hapo kila dereva alikuwa akijua: ukikaribia kizuizi, unapunguza mwendo, unazima taa za mbele, unawasha ya ndani, ili askari waone nyuso na mikono ya kila mtu. Gari linalokuja na giza ndani hawaliulizi linatoka wapi. Na jua lilikuwa limeshajificha.

Alisimamisha gari kando ya ukuta, mbali na daraja. Nyuma yake Sulemani alikuwa akipumua kama mtu anayepanda mlima. Kurudi ilikuwa sawa na kumrudisha afie sakafuni. Kwenda mbele bila taa ilikuwa kufa wote wawili, tena kwa kelele.

Mwendesha baiskeli mmoja alipita mbio, akapunguza alipomwona kikongwe ameinama chini ya usukani.

"Nini, mama?"

"Fyuzi. Taa ya ndani."

"Weka karatasi ya sigara, uende. Siye wote tunafanya hivyo."

"Na moto ukiwaka, utakuja kuizima na mate yako?"

Kijana akacheka, akakanyaga pedali, akaenda zake.

Lakini maneno yake yalibaki. Pakiti ya Sulemani ilikuwa ikichungulia mfuko wa shati lake. Mwantum aliichomoa, akakuta ile karatasi ya fedha, akaishika. Nyepesi, inang'aa, inakubali kukunjwa vyovyote. Ingechukua muda mfupi kama wa kufunga kitenge. Alikuwa na haraka, na karatasi ilikuwa inajua hivyo.

Akamtazama mzee kwenye kiti cha nyuma. Waya ukianza kuwaka pale chini ya dashibodi, yeye angeruka nje. Huyu angebaki.

Alitupa karatasi dirishani. Akachukua spana namba kumi kwenye kisanduku cha mbele, akafungua boneti, akalegeza ncha ya kutoa ya batri na kuiweka kando isiguse kitu. Alikuwa anaongea peke yake, tena kwa sauti ya Sulemani, pamoja na kulalamika kwake: mujinga huyu, apana hiyo, ile ingine. Akarudi kwenye mlango wa dereva, akapiga magoti barabarani, akachomoa fyuzi ya taa. Aliiinua kwenye mwanga wa mwisho wa jioni, kioo chake kilikuwa kimeungua, kimekuwa cheusi. Alipapasa waya wa redio polepole kutoka nyuma ya redio mpaka vidole vikafika mahali penye harufu ya kuungua. Ukanda wa mpira wa baiskeli ulikuwa umeteleza kwa mitikisiko, na shaba ikawa wazi, imelala juu ya ukingo wa chuma. Hicho ndicho kitu fyuzi ilichokuwa inamwambia. Fyuzi mpya, waya ukiwa vile, ingekufa palepale.

Kuufunga upya ili uhimili mashimo, hakukuwa na kitu cha kuufungia wala mwanga wa kuonea. Kulikuwa na njia moja, kuikatia redio umeme kabisa. Akachukua kisu cha viazi kapuni.

Hapo alisita, ingawa haraka ilikuwa inamchoma. Aliwaza jioni ya kesho, na ya keshokutwa, kiti cha abiria na kikombe cha chai, na hakuna wa kumwambia habari za jioni. Akaukata waya. Ncha iliyobaki na moto akaipinda mbali na chuma, akaizungushia kipande cha kanga alichokipasua kwa meno machache aliyokuwa nayo. Fyuzi ya kiwashio cha sigara ilikuwa ya namba ileile, na Shakuru hakuvuta maisha yake yote. Akaihamishia kwenye taa. Akarudisha ncha ya kutoa, mwisho, kama alivyofundishwa.

Taa ikawaka, ndogo, ya manjano. Aliona mikono yake imejaa masizi. Alimwona Sulemani, mdomo wazi, mzee kuliko alivyomdhania.

Darajani alizima taa za mbele, akaenda taratibu kama bibi harusi. Askari aliinama dirishani na tochi yake, akamulika kapu, akamulika kiti cha nyuma.

"Huyo nani?"

"Jirani. Malaria."

"Si bwana yako?"

"Angekuwa bwana yangu ningemwacha apone mwenyewe."

Askari mwenzake nyuma alikohoa kicheko. Huyu wa dirishani alikuwa kijana, mdomo umekauka kwa vumbi. Aliitazama dashibodi.

"Iko na redio. Fungua kidogo, bibi, tusikie habari. Hapa hatujue kitu."

"Imekufa," alisema Mwantum.

"Lini?"

"Sasa hivi."

Kijana alitikisa kichwa kama mtu anayetoa pole ya msiba. Akainua kamba ya kizuizi.

Hospitalini walimpokea Sulemani, wakamtundikia chupa ya dawa. Mwantum hakuweza kurudi, njia zilikuwa zimefungwa. Alilala barazani na ndugu wa wagonjwa wengine, kila mtu na ndugu yake, yeye na kapu lake. Mama mmoja alimuuliza anamuuguza nani. Alifikiria jibu, halafu akasema, "Fundi wangu."

Asubuhi Sulemani alikuwa amefungua macho, na safari hii yalikuwa yanamwona.

"Mama Assia. Nani alinileta?"

"Mimi."

"We? Na gari? Haki ya Mungu ni muujiza niko hai." Akameza mate kwa shida. "Njiani gari ilikusumbua?"

Akamweleza yote, shimo, fyuzi, kisu cha viazi. Alitegemea kusifiwa, walau kidogo. Sulemani alisikiliza macho yamefumba.

"Ule waya uliukata, ncha yake uliifunga na nini?"

"Kanga."

"Kanga." Alifungua jicho moja. "Nguo inaloa, nguo inawaka. Unatembea na moto chini ya magoti, we mwanamuke."

"Mi siko fundi."

"Apana, we si fundi. Omba sparadra kwa muuguzi. Si ya umeme, lakini mpaka nyumbani itavumilia. Toa kwanza ncha ya kutoa."

"Najua."

"Unajua toka lini? Kila Ijumaa nakufundisha kama mutoto."

Mwantum akamnyooshea shuka. Sulemani alimtazama, tabasamu likamcheza mdomoni, halafu usingizi ukamchukua tena. Muuguzi alisema mgonjwa atabaki pale siku nyingi, na kwamba wamepeleka habari Uvira ili mwanawe aje amchukue akakae huko kwake, ambako kuna mtu wa kumwangalia.

Mwantum alipewa kipande cha sparadra, plasta nyeupe ya kufungia vidonda. Akaenda uani lilipokuwa gari. Akalegeza ncha ya batri, akapiga magoti, akaivua ile kanga, akaanza kuufunga waya. Alizungusha mara ya kwanza, ya pili, akabana vizuri kwa kidole gumba. Ncha ilikuwa imeshafunikwa, hata Sulemani mwenyewe angeridhika. Lakini plasta ilikuwa bado imebaki, na nyumbani hapakuwa na mtu, kwa hiyo akaendelea kuzungusha, polepole, mpaka ikaisha.